Daka, Ukumbi, Uani: Historia ya Nyumba za Pwani kwa Njia ya Maneno Yake

Kila mshairi ni mjenzi wa nyumba, hata kama hajawahi kushika mwiko wala pima maji. Neno ubeti tumelipata kutoka neno la Kiarabu bayt, lenye maana ya nyumba. Wanachuoni walioiweka misingi ya elimu ya arudhi waliliangalia hema la jangwani wakaona humo kipimo cha shairi. Kamba ya hema, sabab, na kigingi chake, watad, vikawa majina ya viungo vya mizani. Na nusu ya mstari ikaitwa misra, jina la ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili.

Neno hilo lilipofika pwani yetu lilishika njia mbili. Katika ushairi likavaa sarufi ya Kibantu: ubeti mmoja, beti nyingi. Unguja likabaki na umbo lake la Kiarabu katika majina ya majumba ya kifalme, kama Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020, na wengi tulihuzunika kama watu waliofiwa. Maneno nayo huporomoka, ila hayatoi kishindo.

Makala haya yanasimulia historia ya nyumba zetu kwa kuyafuata maneno yake. Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na hoja niliyoipata katika kazi hiyo ni moja: mafundi wetu wa zamani waliiweka ramani ya nyumba ndani ya lugha. Hawakuhitaji karatasi. Mtu aliyetaja sehemu za nyumba kwa mpangilio wake alikuwa amekwisha kuichora. Kwa hiyo neno la nyumba linapokufa, hatupotezi msamiati peke yake. Tunapoteza mchoro mzima wa namna watu walivyokubaliana kuishi pamoja.

Mawe, chokaa na boriti

Nyumba ya mawe ya pwani ni ya kale. Kilwa Kisiwani pana magofu ya Husuni Kubwa, kasri la mwanzoni mwa karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Jirani yake, Songo Mnara, kuna mji mzima wa nyumba za mawe za karne ya 14 na ya 15. Magofu ya visiwa hivyo viwili yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kaskazini, Gede karibu na Malindi na miji ya visiwa vya Lamu husimulia habari ileile.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila Mswahili wa zamani aliishi katika mawe. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nyumba za mji huo zilikuwa za miti na paa za majani. Mawe na miti viliishi pamoja katika mji mmoja, na mara nyingi katika mtaa mmoja. Nyumba ya mawe ilikuwa tangazo: mwenyewe yupo, ana asili, hahami, na anaweza kukopeshwa mali.

Vifaa vyake vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni jiwe la matumbawe. Jiwe gumu lilichimbwa ardhini kwa ajili ya kuta. Tumbawe laini lilitolewa baharini likiwa bichi, likachongwa nakshi kabla halijakauka na kuwa gumu. Cha pili ni chokaa, iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la magogo. Cha tatu ni boriti, mti wa mikoko uliobeba dari na sakafu ya juu.

Boriti ndiyo iliyoamuru umbo la chumba. Mti huo haukutosha kuvuka nafasi ya zaidi ya takriban mita 3, na kwa hiyo vyumba vya nyumba ya mawe ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kama mishororo ya shairi. Tajiri aliweza kukiongeza chumba chake urefu atakavyo. Upana ulibaki ule wa jirani yake. Huo ndio urari wa mizani uliowekwa na msitu wa mikoko.

Majahazi yaliipakia miti hiyo Lamu na kwenye delta ya Rufiji, yakaipeleka Oman na miji ya Ghuba isiyokuwa na miti ya kujengea, na huko nako vyumba vikapata wembamba uleule. Ilihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: boriti, pau, fito. Leo mwanafunzi akiulizwa korija ni nini, hutazama dari. Angalau dari anaitazama, ingawa haina boriti tena.

Kutoka daka hadi ndani

Nyumba kamili ya mawe inayojulikana zaidi ni ya Lamu, ambako nyingi zilizosimama ni za karne ya 18. Msanifu Usam Ghaidan aliuandikia mji huo kitabu mwaka 1975, na James de Vere Allen aliichunguza nyumba yenyewe na mila zake. Mji Mkongwe wa Lamu ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Tuingie kwa maneno. Mbele kabisa ni daka, kipenu cha mlangoni chenye mabenchi ya mawe pande mbili. Hapa mgeni hukaa, mwenye nyumba huongea na wapita njia, na mambo ya biashara huanza. Mlango ukifunguliwa, huoni nyumba. Unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na njia hupinda. Kupinda huko ni kwa makusudi: jicho la mtu wa nje likome pale, hata mlango ukiachwa wazi kutwa. Baada ya tekani unatokea kiwanda, ua ulio wazi juu, penye hewa na mwanga.

Kutoka kiwandani unapanda kidogo hadi msana wa tini, kisha msana wa yuu, vyumba viwili virefu vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa juu ya mwenzake kwa kidato. Nyuma yake kuna ndani. Lamu neno hilo ni jina la chumba. Si mwelekeo tu kama tunavyolitumia sisi. Ukuta wa ndani ndio uliopambwa kwa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa vilivyowekwa vyombo vya kaure, taa na vitu vya thamani. Na nyuma ya ndani kuna nyumba kati, chumba cha siri kuliko vyote. Humo mwanamke alijifungua, na humo maiti alioshwa. Mtu aliingia duniani na kutoka duniani kupitia chumba kimoja, kilicho mbali kabisa na mlango wa mtaa.

Sakafu hupanda unavyozidi kuingia. Kila kidato ni kiwango cha uaminifu. Muuza samaki hukoma dakani. Rafiki wa baba hupandishwa sabule, chumba cha wageni cha juu kilichotengwa na maisha ya nyumba. Shangazi hufika msana. Mama na binti zake wapo ndani. Katika jamaa nyingi za mji huo nyumba ilikuwa ya mwanamke: binti alipoolewa alipewa nyumba, au sehemu ya nyumba ya wazazi wake iliongezewa ghorofa kwa ajili yake, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba za jamaa mmoja zilipotazamana, ziliunganishwa kwa wikio, daraja la juu linalovuka kichochoro, ili wanawake watembeleane bila kushuka mtaani.

Tazama umbo la maneno haya. Kidaka ni daka dogo, na jamii yake ya ngeli inalisema hilo waziwazi: mlangoni kuna shubaka kubwa la kukaa watu, ukutani kuna shubaka dogo la kukaa vyombo. Chumba nacho ni nyumba iliyopunguzwa, kama jumba lilivyo nyumba iliyokuzwa. Sarufi ya Kiswahili iliiona nyumba ikiwa ndani ya nyumba kabla msanifu yeyote hajaichora.

Faida ya kuyajua haya niliiona darasani. Nilipofundisha Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoililia Pate iliyoanguka, wanafunzi wa kidato cha tano waliielewa huzuni yake kwa juu juu. Walijua kwamba nyumba zimekuwa mahame. Lakini mtunzi haombolezi nyumba kwa jumla. Anapita sehemu kwa sehemu, kwa majina, na kutueleza ni wadudu na ndege gani waliohamia kila mahali. Siku moja nilichukua chaki, nikachora ubaoni nyumba ya mawe kuanzia mlangoni hadi nyumba kati, nikaandika majina yote. Kisha tukasoma tena. Binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo anatuingiza mpaka mahali ambapo mgeni haruhusiwi?" Hakuna mhakiki aliyenifafanulia utenzi huo vizuri zaidi. Uchungu wake umo katika hilo: mji umekufa kiasi kwamba msomaji asiye na udugu anaweza kuingia hadi ndani, na hakuna wa kumzuia, wala wa kumjibu hodi.

Nyumba ya vyumba sita

Nyumba ya mawe ni ya wachache. Nyumba iliyowalea wengi wetu ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, ambayo katika karne ya 19 na ya 20 ilienea kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji kwa njia za misafara, kisha ikawa umbo la kawaida la mitaa ya Waafrika mijini: Ng'ambo ya Unguja, Ngamiani ya Tanga, Kariakoo, Ilala na Magomeni za Dar es Salaam. Jina Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, lililopita katika midomo ya watu likatoka Kiswahili safi.

Ramani yake haihitaji karatasi. Mbele kuna baraza. Mlango uko katikati, na unaingia ukumbini, njia pana inayopita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Nyuma kuna ua, uliozungushiwa makuti, mabati au tofali, na mwisho wa ua kuna banda la uani lenye jiko, stoo, bafu na choo. Basi.

Kuta zilisimamishwa kwa nguzo na fito, zikajazwa mawe madogo na udongo, zikakandikwa. Paa lilibebwa na makombamoyo, na mti uliolazwa juu yake uliitwa mtambaapanya, kwa kuwa panya ndiye aliyeutumia kama barabara yake. Sijui lugha ngapi duniani zina utani wa namna hiyo katika jina la mti wa paa. Kisha ziliezekwa makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati.

Linganisha njia za nyumba hizi mbili. Lamu njia hupinda ili jicho likome. Katika nyumba ya vyumba sita njia imenyooka, na ukisimama barazani milango yote miwili ikiwa wazi utaona mpaka uani. Kilichokuwa kazi ya ukuta sasa kilifanywa na pazia, na zaidi na adabu. Ndiyo maana hodi ya nyumba hii ina daraja. Hodi ya barazani hujibiwa na yeyote. Hodi ya mlango wa ukumbi hungojewa. Mgeni mwanamume hapiti ukumbini kwenda uani hata kama anaiona njia; mwanamke jirani huzunguka akaingia kwa mlango wa ua bila kupitia mbele. Watoto tulijifunza ramani hii kwa kukemewa.

Nyumba hii ilienea kwa sababu ilikuwa na akili ya uchumi. Mtu aliweza kujenga vyumba viwili mwaka huu na viwili mwaka kesho. Alipokamilisha sita, aliishi katika viwili na kupangisha vinne. Kila mpangaji alikuwa na mlango wake unaofunguka ukumbini, na wote walikutana katika jiko moja la uani. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita hakuwa maskini. Humo ukumbini Mmakonde, Mmanyema, Mngazija na Mzigua walilazimika kuelewana, na lugha waliyoelewana kwayo ni hii tunayoiandika. Huwa tunasema Kiswahili kilikuzwa na biashara, dini, shule na siasa. Mimi naongeza: kilikuzwa na ukumbi wa nyumba ya kupanga.

Shirika la Nyumba la Taifa lilipoundwa mwaka 1962 na kuanza kubomoa nyumba za udongo katika mitaa ya Dar es Salaam, Magomeni ikiwamo, nyingi zilizojengwa badala yake zilikuwa za matofali ya saruji, lakini zilifuata desturi ileile ya vyumba vinavyotazamana na ua wa nyuma. Udongo uliondoka, sarufi ikabaki.

Bara nako kuna msamiati wake

Tusijifungie pwani. Ugogo na Unyamwezini kuna tembe, nyumba ndefu ya chini yenye paa bapa la miti na udongo, inayofaa nchi ya mvua chache, ambayo huzunguka ua wa ng'ombe ili mali ilale katikati ya watu. Misafara ya pwani ilipofika huko, wafanyabiashara walilichukua jina hilo wakayaita matembe majumba yao makubwa ya udongo. Lililopo Kwihara, karibu na Tabora, ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, limehifadhiwa hadi leo. Hapo pwani na bara zilikutana: kuta za udongo wa Unyanyembe, desturi za baraza na milango ya pwani.

Bukoba kuna msonge, nyumba ya duara ya Wahaya iliyoezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, kiasi kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Mtu anayetaka kuziona nyumba za makabila mbalimbali pamoja anaweza kwenda Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Lakini nyumba ya makumbusho haina wa kumkemea mtoto aliyepita mahali pasipopitwa. Majina ya sehemu zake yamo katika Kihaya, Kigogo na Kinyamwezi, na wengi wanaoyajua wamezidi umri wangu. Waandishi wa kamusi wa kesho watayahitaji, kwa kuwa Kiswahili sanifu kina jina la nyumba hizo kwa nje, msonge na tembe, na karibu hakina majina ya undani wake.

Maneno yaliyohama nyumbani

Mengine hayakufa, yalipata vyeo. Baraza, benchi la mawe mbele ya nyumba, sasa ni Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani, Baraza la Mitihani, na hata Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. Ukumbi ni wa Bunge na wa harusi. Tunapoyatamka hayo tunakiri, bila kujua, kwamba serikali kwetu ilianza pale wazee walipokaa na jirani aliyepita alipokaribishwa aseme neno lake. Baraza ambalo mpita njia hawezi kulisogelea limesahau asili ya jina lake.

Uani nako kulipewa kazi ya tafsida: mtu mwenye haya hasemi anakwenda chooni, husema anakwenda uani. Na washairi wanajua hazina iliyofichwa katika neno ua: likiwa na wingi wa nyua ni uwanja wa nyuma ya nyumba, likiwa na wingi wa maua ni pambo la bustani, na likiwa kitenzi ni mauti. Mshairi akimsifu mwanamke kwamba ni ua lililomo uani, amecheza na ramani ya nyumba na lugha kwa pigo moja. Msomaji aliyekulia nyumba isiyo na ua atapata nusu tu ya ladha hiyo.

Zipo pia sehemu zilizozaliwa upya kwa jina jingine. Ghorofa ndefu za Michenzani, Unguja, zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ziliwapa watu wa Ng'ambo maji na umeme, na hilo si jambo dogo. Lakini baraza haipandi ngazi. Watu walishuka chini wakatafuta pa kukaa, kama walivyofanya wakazi wa ghorofa mahali pengi. Vijana waliokosa baraza waliketi juu ya mawe kando ya njia, na lugha ikawapa neno: kijiwe. Lugha ilijenga pale wasanifu waliposahau.

Ramani za leo

Leo ramani hununuliwa. Mtu hufungua simu, akachagua picha, akalipa, akapeleka kwa fundi. Simlaumu. Nyumba hizo zina madirisha mapana, choo cha ndani na usalama. Ninachokiona ni kwamba maneno yaliyoandikwa katika michoro hiyo ni ya kigeni yote isipokuwa sebule na jiko, na kila neno limekuja na desturi yake. Chumba cha masta hutueleza kwamba nyumba ina bwana na bibi, na wengine ni wa ziada. Mahali pa bibi mzaa baba hapajatajwa.

Jambo hili limenifikia nyumbani. Nyumba ya vyumba sita aliyoiacha marehemu mama yetu Ngamiani imeliwa na mchwa, na sisi watoto wake tumekubaliana ibomolewe, ijengwe upya. Mpwa wangu alileta ramani nzuri ya kisasa. Ilikuwa na kila kitu. Nilimwuliza fundi, "Msiba ukitokea, wanaume watakaa wapi, na wanawake watapikia wapi?" Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, siku hizi watu wanakodi turubai na viti."

Ni kweli, wanakodi. Lakini turubai huja baada ya msiba kutangazwa na huondoka kabla ya arobaini. Baraza huwapo kabla, na ndiyo inayowafanya watu wajue kwamba mzee wa nyumba hiyo hajaonekana tangu juzi. Tulizungumza jioni nzima, mimi, dada zangu na huyo mpwa wangu. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye atakayeishi humo, alisema hajali umbo la madirisha. Anataka mlango wa nyuma unaofunguka uani, na ua ambao jirani anaweza kuingia bila kupita sebuleni. Mpwa wangu hakukasirika. Alichukua kalamu, akasogeza ukuta wa mbele ndani kwa mita moja na nusu, akaandika kwa mkono wake: baraza. Kisha nyuma akaandika: ua. Maneno hayo mawili yaligharimu chumba kimoja kidogo. Nadhani ni bei ya haki.

Kazi iliyobaki

Wapenzi wa lugha, nawaomba jambo moja linalowezekana. Kila mmoja wenu amwendee mtu mzima wa kwao, awe Siyu, Pemba, Bagamoyo, Kilwa, Dodoma au Bukoba, amwombe atembee naye katika nyumba ya zamani na ataje kila kitu akigusacho, kuanzia kizingiti hadi paani, kwa lahaja au lugha yake. Yaandikwe kwa mpangilio wa kutembea, wala si kwa mpangilio wa alfabeti, kwa sababu mpangilio huo ndio ramani. Mfaa wa mlango, ule ubao wa katikati unaoziba mwanya kati ya mbao mbili, usiandikwe mbali na mbao zake. Nao washairi watautambua mara moja, kwani ndio kituo kinachotenganisha na kuunganisha ukwapi na utao.

Kisha maneno hayo yatungiwe. Neno lililomo katika kamusi tu lina makazi. Likitungiwa linapata wenyeji. Naanza mimi kwa ubeti mmoja, na wenzangu waendeleze:

*Nyumba nayo ina ngano, isikizeni wenzangu,*
*Baraza ni mkutano, wa jirani na wa kwangu,*
*Na ukumbi ni mfano, wa moyo wa mama yangu,*
*Leo latoweka neno, na nyumba i mbele yangu.*

Atakayeujibu asisahau kuitaja nyumba ya kwao, na kututajia, kabla hatujaingia, hodi hupigiwa wapi.